Mwacheni mama amalize mstari

JUMAPILI alasiri katika nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa, Nakuru na miji mingine, mambo huwa hivi. Watu wamesharudi kutoka kanisani au wameamka kutoka usingizi wa mchana, vyombo vimeoshwa na sare za shule zinaning'inia kwenye kamba. Baba anashusha gitaa kutoka juu ya kabati na kuketi kwenye kochi. Watoto wanaambiwa wapunguze sauti ya runinga au wakacheze nje, kwa sababu baba anafanya mazoezi. Dakika ishirini baadaye mama naye anapata nafasi ya kuketi. Anatoa mfuko wa nyuzi na sindano yake ya krosheti, na kuanza kuhesabu vitanzi vya kitambaa alichokianza kabla ya Pasaka. Hajafika kumi na mbili.

"Mama, chaja iko wapi?" "Mama, chumvi imeisha." "Mama, huyu amenipiga." Naye baba, bila kuondoa vidole kwenye gitaa: "Mama watoto, chai bado?"

Hakuna mtu mbaya katika nyumba hii. Baba hakunywa mshahara, watoto wana adabu zao, na mama mwenyewe ukimuuliza atakwambia hana malalamiko. Lakini tazama vizuri. Gitaa na sindano vyote viwili ni uraibu. Hakuna kati yavyo kinacholipa kodi ya nyumba. Hata hivyo, kimoja kimetengewa kimya cha nyumba nzima, na kingine kimeachwa kitafute riziki yake katikati ya chumvi na chaja.

Neno hili uraibu wasomaji wa umri fulani watalikumbuka kutoka kwa kurasa za marafiki wa kalamu. Kijana alituma picha yake, nambari ya sanduku la posta na orodha fupi ya mambo ayapendayo: kusoma riwaya, kuchora, kusikiliza muziki, kuandikiana barua. Siku hizo karibu kila mtu alikuwa na uraibu. Baadaye mtu huoa au huolewa, watoto huja, familia huhamia nyumba ya chumba kimoja cha kulala, na orodha ile hupungua. Ya mwanamume hupungua pia, lakini aghalabu hubakia na jambo moja ambalo nyumba nzima hulijua na kuliheshimu, hata kama ni kutazama kandanda tu. Ya mwanamke mara nyingi humalizika kabisa, au hujificha ndani ya jambo linalofanana na kazi.

Nadhani ndiyo sababu kufuma kumedumu sana katika nyumba zetu. Vile vitambaa vyeupe vya makochi, vya meza, na zamani hata vya redio, vilimpa mama ruhusa ya kuketi. Anayefuma haonekani mvivu. Jaribu sasa kuwa mama anayeandika mashairi, au anayechora, au anayejifunza kinanda akiwa na miaka arubaini. Mtu aliyeketi na kalamu akitazama dirishani huonekana hana kazi, na asiye na kazi hutumwa.

Hili si suala la hisia tu. Uchunguzi wa kwanza wa kitaifa kuhusu namna Wakenya wanavyotumia saa zao, uliofanywa mwaka wa 2021 na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), ulionyesha kwamba wanawake hutumia asilimia 18.7 ya muda wao kwa kazi za nyumbani na za ulezi zisizolipwa, ilhali wanaume hutumia asilimia 3.6. Ukipiga hesabu kwa siku ya saa 24, hiyo ni karibu saa nne na nusu kwa mwanamke na chini ya saa moja kwa mwanamume. Kwa hivyo mama anapoketi na sindano yake, ameketi ukingoni mwa zile saa nne na nusu. Kila apitaye huona kama bado yuko zamuni.

Isitoshe, kukatizwa si kupoteza zile dakika mbili za kuitika. Mtafiti Sophie Leroy, katika makala ya kitaaluma aliyochapisha nchini Marekani mwaka wa 2009, alieleza kwamba mtu akiachishwa jambo kabla hajalimaliza, akarukia jingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka. Mfumaji anaijua hali hii bila kusoma makala yoyote. Ukisahau kama ulikuwa kwenye kitanzi cha arubaini na moja au arubaini na tatu, kitambaa kitaanza kupinda upande mmoja, nawe utafumua mistari mitatu ili kurekebisha. Kuitwa mara kumi kwa saa hakumwachii mtu saa yenye mapengo kumi. Humwachia saa isiyokuwepo.

Chumba ndicho nyumba

Mwandishi Mwingereza Virginia Woolf alitoa kitabu mwaka wa 1929 kiitwacho A Room of One's Own, akisema kwamba mwanamke anayetaka kuandika hadithi anahitaji pesa na chumba chake mwenyewe. Ni kweli. Ila kwa wengi wanaoishi Pipeline au Mathare North, chumba chako mwenyewe ndicho hicho hicho kinachoitwa nyumba. Kitanda kiko nyuma ya pazia, jiko la gesi liko mlangoni, na mtoto wa darasa la nne anafanyia hesabu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ushauri wa kujifungia chumbani hauwafai watu hawa, na ndio wengi.

Lakini pia si kweli kwamba kazi nzuri haikufanywa kamwe katikati ya familia. Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa pwani ya kaskazini mwa Kenya, alitunga utendi wake mashuhuri mwaka wa 1858 akiwa mgonjwa, na alimtungia bintiye. Mtoto hakuwa kikwazo cha shairi, alikuwa ndiye msikilizaji wake. Karibu nasi zaidi, Dkt Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto na mama wa watoto wanne. Riwaya yake, The River and the Source, ilitoka mwaka wa 1994, ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1995, na baadaye wanafunzi wa sekondari kote nchini wakaisoma kama kitabu cha lazima. Huko Marekani, Toni Morrison alikuwa mhariri aliyewalea wanawe wawili peke yake baada ya talaka. Aliandika alfajiri kabla hawajaamka. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 1970 akiwa na miaka 39, na mwaka wa 1993 akapata Tuzo ya Nobel.

(Tafadhali, bwana, usiyakate maelezo haya ukayabandike kwenye friji ili kumwambia mkeo, "Mbona Ogola aliweza?" Hatukuyaandika kwa ajili hiyo.)

Ushauri wa kuamka mapema nao una matatizo yake hapa kwetu. Alfajiri ya mji tayari ina wenyewe. Saa kumi na moja ndipo mama huwasha jiko, kwa sababu basi la shule hupita saa kumi na mbili na robo na sanduku la chakula halijifungi lenyewe. Ukimwambia aamke saa tisa ili achore, unamwomba alipie uraibu wake kwa usingizi. Atafanya hivyo wiki mbili, kisha ataugua au atakuwa mkali kwa kila mtu, na watasema ni kuchora ndiko kulikomharibu. Nionavyo mimi, nusu saa ya uraibu wa mama haifai kutoka usingizini mwake. Inafaa kutoka kwenye zile saa nne na nusu, na maana yake ni kwamba mtu mwingine azichukue hizo dakika thelathini.

Uraibu unaoijua nyumba

Kabla ya kufika kwa huyo mtu mwingine, kuna jambo ambalo mwenye uraibu anaweza kulipanga mwenyewe. Michezo hii ya mikono haifanani katika namna inavyovumilia kuitwa.

Krosheti inavumilia sana. Mfumaji akimaliza kila fundo, hubakiwa na kitanzi kimoja tu kwenye sindano. Akiitwa, hukivuta kiwe kirefu kidogo na kupitisha pini ya nepi, na hata mtoto akiuvuta mfuko, hakuna kitakachofumuka. Kufuma sweta kwa sindano mbili ni kinyume chake. Vitanzi vyote vya mstari viko hai kwa wakati mmoja, na kimoja kikichopoka, kinaweza kuteremka mistari mingi kama ngazi. Kwa hivyo mwenye watoto wadogo heri aanze na krosheti, tena kwa vipande vidogo vya mraba vinavyounganishwa mwishoni. Kipande kimoja humalizika katika kikao kifupi, na mtu hupata raha ya kumaliza kitu. Kwa kitambaa kirefu, funga uzi mfupi wa rangi nyingine kila baada ya vitanzi ishirini. Ukirudi kutoka jikoni, unahesabu kuanzia kwenye alama, wala si kuanzia mwanzo.

Uchoraji unategemea rangi. Zile za akriliki hukauka kwa dakika chache, na katika joto la Mombasa hata upesi zaidi. Ukienda kufungua mlango utarudi ukute rangi imekuwa ngozi. Dawa yake ni kuziweka ndani ya mkebe wa siagi wenye kifuniko, juu ya kitambaa kilicholowa. Rangi za mafuta hukaa mbichi kwa siku kadhaa, kwa hivyo haziogopi wageni, lakini zina hatari zake katika nyumba ndogo. Tapentaini isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda, kama vile mafuta ya taa yasivyofaa kuwekwa humo, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi kilichomo. Na vitambaa vya kufutia vyenye mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni. Vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au vitie ndani ya maji.

Gitaa nalo (mwandishi wa makala haya hulipiga, kwa hivyo hasemi kwa kuuchukia muziki) linakaa vizuri zaidi likitundikwa ukutani kwenye msumari madhubuti kuliko likifichwa ndani ya mfuko chini ya kitanda. Lililo karibu hupigwa dakika kumi na tano kila jioni, na kwa anayejifunza hizo ni bora kuliko saa mbili za mfululizo kila Jumamosi. Mtoto akiwa amelala, au jirani wa ghorofa ya chini akiwa wa zamu ya usiku, chomeka soksi iliyokunjwa chini ya nyuzi karibu na mahali zinapofungiwa. Sauti itakuwa butu, lakini vidole vitajifunza vilevile.

Kuandika ndiko kugumu kuliko vyote, kwani hakuna pini ya kushikilia wazo. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alikuwa na mazoea ya kuacha kazi ya siku akiwa bado anajua kitakachofuata, ili kesho asianze gizani. Yeye alifanya hivyo kwa hiari. Mama wa watoto watatu hulazimishwa, lakini mbinu inafanya kazi vilevile: ukiitwa katikati ya sentensi, usiimalize haraka haraka. Andika maneno mawili ya kinachofuata pembeni mwa daftari, uende.

Zamu ni zamu

Hizo zote ni mbinu za mtu mmoja. Hazitoshi nyumba isipoingia katika mapatano, na mapatano haya ni bora yafanywe mezani kwa sauti ya kawaida kuliko saa mbili usiku kwa machozi. Mama aseme anataka nini hasa: siku gani, kutoka saa ngapi hadi saa ngapi, akiwa ameketi wapi. "Nataka muda wangu" halishikiki. "Jumanne na Alhamisi, saa mbili usiku hadi saa mbili unusu, nikiwa kwenye kiti kile cha dirishani" linashikika, hata na mtoto wa miaka saba.

Baba naye akikubali zamu hiyo, aichukue kikamilifu. Wako wanaume wanaokubali kisha wanakuwa ndio wakatizaji wakuu: nepi ziko wapi, huyu anakula ngapi, mbona analia. Kuuliza kila kitu ni kumrudishia mwenye zamu zamu yake kwa mlango wa nyuma. Nepi zitafute. Maziwa yakifurika kidogo, yapanguse. Chai ya baba ina ladha yake, na hakuna aliyewahi kufa kwayo. Nyumba yenye mfanyakazi wa nyumbani pia isikimbilie kumtwika yeye dakika zote, kwani naye ana siku yake ndefu, na huenda ana uraibu wake ambao hakuna aliyewahi kumuuliza.

Watoto hujifunza kulingana na umri. Wa chini ya miaka mitatu usimdai subira, kwa kuwa hana. Huyo mpe donge la uzi mzee, acheze. Kuanzia miaka mitano au sita, mtoto anaweza kungoja ukimwonyesha kitu anachokiona kwa macho: mshale mrefu wa saa ukifika pale, nitakuja. Sharti ni kwamba ukifika, uende kweli. Akidanganywa mara mbili, mara ya tatu hatangoja. Nawe usitumie ukali ule ule kwa kila anayekuja. Wa chaja anaweza kungoja. Aliyerudi kutoka mchezoni akiwa kimya, akasimama tu karibu na kiti bila kusema anachotaka, huyo weka sindano chini. Ndiyo maana nikaisifu pini ya nepi.

Wageni ni habari nyingine. Kwetu mgeni hafukuzwi kwa sababu ya kitambaa, na shangazi aliyetoka Kakamega na mabasi mawili hawezi kuambiwa arudi saa mbili unusu. Bahati nzuri kufuma hakuzuii mazungumzo, na huenda shangazi akakufundisha pambo usilolijua. Simu ndiyo isiyo na udhuru wa ugeni. Vikundi vya WhatsApp vya chama, vya kanisa na vya darasa la mtoto humwita mtu mara nyingi kuliko watoto wote wa nyumbani, na tofauti na watoto, vinaweza kuzimwa kwa nusu saa bila kulia.

Haki ya uraibu pia ina mpaka, na mpaka huo unawahusu zaidi wale waliopewa kimya bila kukiomba. Mwanamume anayechukua gitaa kila mara watoto wanapotaka kusomewa, au anayeingia kwenye picha zake na kompyuta kila mazungumzo ya karo yanapoanza, hafanyi uraibu. Anajificha. Mke hujua tofauti hiyo mapema, hata kama itamchukua miaka kuitamka.

Kwa wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, tatizo lenu lina sura yake. Umeketi unachora, na kwa kuwa umeketi, wewe ndiwe unayetumwa dukani kununua mkate. Ukiwa msichana, unatumwa mara mbili, kisha unaosha vyombo, huku kaka yako akiambiwa asisumbuliwe kwa sababu anajisomea. Kubishana na mzazi wakati ule ule wa kutumwa hakusaidii. Nenda ulete mkate. Siku nyingine, mzazi akiwa ametulia, mwonyeshe daftari la michoro, umwambie kazi zako za nyumbani utazimaliza saa ngapi na unaomba uachwe kuanzia saa ngapi. Taja pia zamu ya kaka yako, kwa heshima. Mzazi wa leo ana sababu zaidi ya kusikiliza kuliko wa jana, kwani mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mashuleni mwaka wa 2019 una somo la sanaa, na huenda ni yeye mwenyewe aliyekesha akikusaidia kutengeneza kikapu cha mradi wa shule.

Kisha kuna siku ambayo jirani huona kitambaa kwenye kochi na kuuliza kinauzwa pesa ngapi. Hapo nyumba nzima huchangamka. Baba aliyekuwa akiuliza chai sasa anasema mama asisumbuliwe, ana oda ya harusi. Inafurahisha na inasikitisha kwa pamoja kuona kimya kilichokosekana miaka mitano kikipatikana kwa amana ya shilingi elfu mbili. Anayetaka kuuza na auze, lakini ajue kwamba kuanzia hapo kuna bei ya uzi, kuna tarehe ya kuwasilisha, na kuna mteja anayetaka rangi ya maziwa wakati mkono wako unataka nyekundu. Wafumaji wengine huchukua oda za Desemba tu, msimu wa harusi ukiisha wanarudi kwenye kile cha kwao wenyewe, kile kilichoanzwa kabla ya Pasaka.